Yescarta, Kymriah au Breyanzi: ipi inavuruga kichwa zaidi, na utachaguaje

Siku ya tano baada ya kuwekewa seli za CAR-T (tiba ya saratani ya damu, na Yescarta, Kymriah na Breyanzi ni aina zake tatu), baba mdogo aliandika "Mke wangu anapika pi pi pi" halafu kalamu ikateleza ikashuka mpaka chini ya karatasi. Siku nne za mwanzo sentensi ilikuwa hiyohiyo, Mke wangu anapika pilau nzuri, kwa mwandiko ule wake wa shule ya misheni, herufi zote zimelalia upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nesi alikuwa anamletea karatasi asubuhi na jioni, anaandika chini ya sentensi ya jana, so ukiishika ile karatasi unaona kabisa kwa macho yako siku ambayo ubongo ulianza kuleta shida, huhitaji hata daktari akuambie. Mama mdogo aliyekuwa anacheka kila siku kwamba anasifiwa mpaka wodini, siku hiyo hakucheka.

Baba mdogo ana miaka 63, dereva wa lori la safari ndefu, yuko Ohio zaidi ya miaka ishirini. Limfoma yake (saratani ya seli za kinga) ni ile ya seli B kubwa, ilitibiwa na R-CHOP, kemo ya kawaida ya mwanzo, ikaondoka, miezi minane baadae ikarudi. Hiyo ni 2024. Sasa ikirudi ndani ya mwaka mmoja hivo, Marekani unaweza kupewa CAR-T moja kwa moja bila kusubiri kemo zingine zishindwe, na daktari akatuwekea mezani mbili, Yescarta au Breyanzi, akasema zote zinafaa, chagueni. Jamani mtu wa lori, mama ntilie mstaafu na mimi mhasibu, tuchague nini? Tangu hapo nimepigiwa simu na watu wa Minnesota, wa Leeds, hadi mama mmoja wa Bukoba ambaye mwanae anapelekwa India, wote swali ni moja, ipi haitamharibu akili. Ndo naandika mara moja hapa, nikipigiwa tena natuma hii.

Kwanza kwa ufupi ili tuwe ukurasa mmoja. CAR-T ni kwamba wanakutoa damu, mashine inachuja seli T, zinapelekwa kiwandani zinawekewa kitu kama mdomo wa kuishika CD19, ile alama iliyoko kwenye seli B, nzima na za saratani. Zikirudi unapigwa kemo ndogo siku tatu ya kusafisha nafasi halafu seli zako mwenyewe zinarudishwa kwa dripu, dakika chache tu imeisha, watu wanashangaa kwamba ndo hiyo tu. Kasheshe linakuja baadae. Seli zikianza kazi zinazaliana kwa kasi, seli zingine za kinga (hasa makrofaji) zinaamka zinamwaga saitokini, yaani kemikali za kuamsha kinga, kama IL-6 na IL-1, homa inapanda presha inashuka, hiyo ndo CRS. Halafu kuta za mishipa midogo ya kichwani zinaanza kuvuja, ule uzio unaotenganisha damu na ubongo unalegea, na hapo ndo inakuja ICANS, yaani shida za neva zenyewe: mkono kutetemeka, maneno kupotea, kurudia neno moja, kulala lala, kuchanganyikiwa, kwa wachache degedege, na kwa wachache zaidi ubongo kuvimba.

Cha ajabu ukimfanyia skani mara nyingi haionyeshi kitu. Baba mdogo hajui jina la mkewe lakini skani safi kabisa. Kwa hiyo wanapima kwa maswali, wanaita ICE, alama kumi. Nne ni mwaka, mwezi, mji na hospitali. Tatu ni kutaja vitu vitatu unavyoonyeshwa, kalamu, saa, kitufe. Moja kufuata amri (nionyeshe vidole viwili), moja kuandika sentensi, moja kuhesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa kumi kumi. Ukipata 7 mpaka 9 ni daraja la kwanza, 3 mpaka 6 la pili, 0 mpaka 2 la tatu, na asiyeamka kabisa ni la nne. Degedege nayo inakupeleka la tatu au la nne hata kama alama zilikuwa nzuri. Haya madaraja yaliwekwa sawa na madaktari wa Marekani kwenye 2018/2019, kabla ya hapo kila utafiti ulikuwa na kipimo chake, kumbuka hilo maana linakuja kutusumbua hapo chini.

Sasa zenyewe. Namba ni za tafiti kubwa za mwanzo, watu ambao dawa mbili au zaidi zilikuwa zimeshindwa:

| | Yescarta | Kymriah | Breyanzi |
|---|---|---|---|
| Utafiti | ZUMA-1 | JULIET | TRANSCEND |
| Swichi ndani ya seli | CD28 | 4-1BB | 4-1BB |
| Shida za neva, zote | 64% | 21% | 30% |
| Zile kali (daraja la 3 kwenda juu) | 28% | 12% | 10% |
| Kwa kawaida huanza | siku ya 5 hivi | siku ya 6 hivi | siku ya 9 hivi |
| CRS kali | 13% | 22% | 2% |
| Saratani haionekani tena kwenye skani | 54% | 40% | 53% |

Ukiangalia haraka unasema basi Breyanzi, mchezo umeisha. Hata mimi nilisema hivo usiku ule, nikamwambia mama mdogo kesho tunasaini. Ila hizi safu tatu si watu walewale. JULIET kutoka mtu kuandikishwa mpaka kuwekewa seli ilikuwa siku 54 kwa mtu wa katikati, ina maana wale ambao ugonjwa wao ulikuwa unakimbia hawakufika hata kwenye dripu, na hao ndo ambao kichwa kingewasumbua zaidi. ZUMA-1 seli zilikuwa tayari ndani ya siku 17 hivi, so waliowekewa walikuwa wamebeba mzigo mkubwa wa saratani. Na ile 22% ya CRS kali ya Kymriah isikutishe sana, walitumia kipimo kingine ambacho kinaihesabu CRS kuwa kali mapema, wakipimwa kwa kipimo cha wenzao inashuka.

Ulinganisho ambao mi naona una uzito kuliko hiyo tebo ni wa Wafaransa. Walichukua daftari la nchi nzima la wagonjwa wa CAR-T, wakamtafutia kila mtu wa Yescarta pacha wake wa Kymriah mwenye ugonjwa unaofanana, 209 huku na 209 kule, wakachapisha 2022. ICANS ya aina yoyote 49% kwa Yescarta, 22% kwa Kymriah. Ile kali, 14% kwa 3%. Kwa hiyo ni kweli, sio tebo inadanganya, Yescarta inavuruga kichwa zaidi. Lakini soma na mstari unaofuata: saratani kutoonekana tena 60% kwa 42%, na walio hai baada ya mwaka mmoja 63.5% kwa 48.8%. Yaani ule mvurugo umenunua kitu. Kuna mtu alinipigia akasema yeye anataka Kymriah kwa sababu amesoma ni laini, nikamuuliza laini kwa nani, kwako au kwa limfoma.

Ndo maana Kymriah mi huwa siiweki sana kwenye mashindano kwa limfoma ya seli B kubwa. Ilipojaribiwa mapema, pale ugonjwa unaporudi mara ya kwanza, kwenye utafiti wa BELINDA haikushinda matibabu ya kawaida. Wenzake wawili walishinda, Yescarta kwenye ZUMA-7 na Breyanzi kwenye TRANSFORM. Kymriah ina nafasi yake, mtu mzee sana, mtu wa limfoma ya folikula ambayo haina haraka, au pale ambapo ndo pekee inapatikana, sawa. Ila kama una tatu zote mezani na ugonjwa wako unakimbia, usiichague kwa sababu ya kuogopa kutetemeka mkono wiki mbili.

So mashindano ya kweli ni Yescarta na Breyanzi, na hapa nitakaa kidogo.

Tofauti inaanzia kwenye ile swichi. Seli T haiwaki kwa kushika adui tu, inahitaji na msukumo wa pili, na kiwandani wanaamua waweke msukumo upi. CD28 ni kama kuwasha jiko la gesi, inashika saa hiyohiyo inawaka juu, seli zinafika kilele ndani ya wiki moja hivi halafu zinapungua. 4-1BB ni mkaa, inachelewa kushika, inapanda polepole, inakaa. Juu ya hapo Breyanzi seli za aina mbili, CD4 na CD8, zinatengwa na kuja kwenye vichupa tofauti ili kila mtu apate kiasi kinachojulikana cha kila moja. Yescarta ni mchanganyiko ulivyo wa mtu mwenyewe. Sisemi kila kitu kinatokana na hayo mawili, lakini ukiwa na jiko la gesi lazima ukae karibu na jiko.

Na hilo ni moja ya yaliyotuamulia sisi, kukaa karibu. Kwenye ZUMA-7, ambao ni watu kama baba mdogo hasa, ugonjwa umerudi mara ya kwanza, shida za neva zilikuwa 60% na kali 21%. TRANSFORM ya Breyanzi, 12% hivi na kali 4%. Tofauti kubwa mno hata ukikata ukakata kwa sababu ya tafiti kutofanana. Lakini angalia na siku. Ya Yescarta inakuja mapema, siku ya nne, tano, sita, na wagonjwa wengi siku hizo bado wako kitandani hospitali, nesi anakuja na karatasi yake. Ya Breyanzi ikija inakuja siku ya tisa, ya kumi, na Breyanzi hospitali nyingi wanaitoa mgonjwa akitokea nyumbani, anakuja mchana anarudi jioni, so hiyo siku ya tisa unaweza kuwa uko sebuleni unaangalia mpira. Ikianza hapo, nani yupo wa kuona? Ndo swali ambalo hakuna asilimia inayokujibu. Mtu ambaye mwenzake anafanya kazi zamu mbili, anakaa peke yake mchana mzima, mi namwambia kabisa hiyo 12% ya nyumbani bila mtu inanitisha kuliko 60% ya kitandani hospitali na nesi anazunguka kila baada ya saa nne.

Upande mwingine, kama yuko mke au mtoto ambaye atakaa nae kweli, si kusema tu atakaa, hapo Breyanzi naipendelea kwa mtu wa miaka 70 na kuendelea, mwenye moyo au figo zinazosumbua, au aliyewahi kupata kiharusi au kifafa. Mwili wa mtu huyo hauna akiba ya kupoteza wiki mbili kitandani.

Sisi tulichukua Yescarta. Sababu nyingine? Vivimbe vya tumboni vilikuwa vinakua kila wiki, LDH (kipimo cha damu kinachopanda saratani ikikua) imepanda, na kiwanda cha Yescarta kilisema kitarudisha seli mapema wakati ya Breyanzi foleni ilikuwa ndefu mwezi huo. Kwenye tafiti za mwanzo pia ilikuwa hivo, siku 17 kwa 24. Wiki moja kwa mtu ambaye tumbo linajaa ni kitu. Na ajabu ya mambo, haohao wenye LDH juu na mzigo mkubwa wa saratani ndo ambao kichwa kinavurugika zaidi, na feritini na CRP, vipimo vya damu vya moto wa kinga mwilini, zikiwa juu kabla ya dripu vilevile. Kwa hiyo tulijua tunaenda wapi. ZUMA-7 baadae ilionyesha watu wa Yescarta kweli wanaishi zaidi kuliko waliopewa njia ya zamani, 54.6% walikuwa hai miaka minne kwa 46%, hiyo ilitupa moyo.

Homa ilianza siku ya pili. Siku ya nne wakampa tosilizumabu, homa ikashuka, tukashangilia, na kesho yake ndo ile pi pi pi. Hili watu wengi hawalijui na mi sikulijua: tosilizumabu inazima CRS lakini haizimi ICANS. Inaziba milango ya IL-6 mwilini ila kwenye ubongo haifiki vizuri, so mtu anaweza akawa hana homa kabisa, presha nzuri, familia mmeanza kupiga simu Tanga kusema mzee amepona, na kichwa ndo kwanza kinaanza. Dawa ya kichwa ni steroidi, deksamethasoni miligramu 10, wanarudia kila baada ya saa kadhaa kulingana na daraja. Na levetirasetamu ya kuzuia degedege, yeye alianzishiwa tangu siku ya dripu. Zikigoma kuna anakinra, ile ya kuzuia IL-1, hatukufika huko.

Mama mdogo aliogopa steroidi kweli kweli, alisikia zinaua zile seli mpya. Ni hofu ya maana, miaka ya mwanzo hata madaktari walikuwa wanazichelewesha kwa sababu hiyohiyo. Halafu wakarudi kujaribu kwenye makundi mengine ya ZUMA-1: kundi moja wakapewa mapema zaidi dalili zikianza, shida kali za neva zikashuka hadi 17%, kundi jingine wakapewa deksamethasoni siku ya dripu na siku mbili zinazofuata hata kama hawana dalili, ikawa 13%, na saratani iliendelea kujibu vilevile. Toka 28 hadi 13 kwa dawa ya bei rahisi ya miaka mingi! Kwa hiyo kabla hujachagua dawa kwa kuangalia jina, muulize daktari nyie mnaanza steroidi lini. Yescarta ya hospitali inayosubiri na Yescarta ya hospitali inayowahi ni kama dawa mbili tofauti.

Kuhusu kufa, maana najua ndo mnalotaka kuuliza. Ubongo kuvimba mpaka mtu kufa imetokea. Mbaya zaidi ilikuwa dawa nyingine kabisa, JCAR015 ya kampuni ya Juno, ya leukemia, 2016 watu watano walikufa hivo kwenye utafiti na 2017 wakaifuta. Kwa hizi tatu zilizopo sokoni ni nadra sana. Wanaokufa baada ya CAR-T wengi ni saratani kurudi au maambukizi, kinga iko chini kwa miezi. Sasa wewe umekaa unaogopa kichwa tu kumbe kilichokuja kumlaza shemeji yako mwezi wa tatu ni nimonia.

Na ile ya kutetemeka na kutembea kama mtu wa Parkinson, ambayo inasambazwa kwenye WhatsApp, hiyo imeripotiwa hasa kwenye CAR-T za mieloma, saratani nyingine ya damu, zinazolenga kitu kingine, BCMA. Sio hizi.

Mtu wa limfoma ya mantle, aina nyingine ya limfoma ya seli B, habari yake ni fupi. Tecartus (ni ndugu wa Yescarta, CD28 vilevile) shida za neva 63% na kali 31%. Breyanzi ilikubaliwa kwa mantle Mei 2024, 31% na kali 9%, na saratani inajibu vizuri tu. Hapo mi sioni sababu kubwa ya kuanza na Tecartus kama Breyanzi ipo na bima imekubali.

Kuna njia ya tatu ambayo sio seli, nitaitaja kwa sababu watu wa mbali na hospitali kubwa inawahusu. Antibodi za mikono miwili, epkoritamabu na glofitamabu, Marekani zilikubaliwa 2023. Mkono mmoja unashika limfoma, mwingine unashika seli T yako mwenyewe, inazivuta pamoja. Hakuna kiwanda, hakuna kusubiri, ICANS chini ya 10% na nyingi nyepesi, inakuja zaidi kwenye dozi za mwanzo wakati wanapandisha polepole. Saratani kupotea kabisa ni 39% hivi kwa zote mbili. Glofitamabu ina mwisho, mizunguko 12, epkoritamabu unaendelea kuchomwa muda wote inapofanya kazi. Kwa mtu asiye na msimamizi nyumbani, au mzee sana, hii kwangu inakuja kabla ya Kymriah. Ila kwa kijana ambaye anaweza kuhimili CAR-T nisingeanza nayo, CAR-T inaweza kumaliza kazi kwa dripu moja.

Wa India sasa, maana kwetu Afrika Mashariki mtu akiambiwa rufaa ya saratani ngumu mara nyingi ndo huko. CAR-T ya huko, NexCAR19, ilitoka chuo cha IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial kule Mumbai, ikakubaliwa Oktoba 2023, bei ilitangazwa karibu dola 50,000 wakati Yescarta ilipoingia sokoni 2017 ilikuwa dola 373,000 dawa peke yake bila kitanda. Mwanzoni mwa 2025 ikaja na Qartemi ya Bengaluru, ambayo chimbuko lake ni Hospital Clínic ya Barcelona. Zote mbili ni za mkaa, 4-1BB. Kwa kichwa hilo ni jambo zuri, na NexCAR19 ule mdomo wake wameufanya ufanane zaidi na wa binadamu. Ila hesabu ya mtu wa Bukoba haiishii kwenye bei ya dawa. Hesabu nyumba ya kupanga karibu na hospitali mwezi mzima, watu wawili, mgonjwa na msimamizi, na huyo msimamizi awe mtu anayemjua mgonjwa anavyoongea. Kumtuma mpwa aliyemaliza kidato cha sita eti kwa sababu ana pasipoti na anajua Kiingereza, hapana. Mpwa hawezi kujua kwamba mjomba leo anatafuta maneno.

Gari. Wakati wa baba mdogo alikatazwa kuendesha wiki nane, na dereva wa lori wiki nane ni kodi mbili za nyumba. Juni 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wakapunguza, sasa ni wiki mbili za kutoendesha na wiki mbili za kukaa karibu na hospitali badala ya nne. Kwa anayechagua leo hii imebadilisha hesabu, ilikuwa inaumiza sana watu wa vijijini. Lakini kwa Breyanzi, mkaa ule, wiki mbili zikiisha mi bado ningemwacha mtu akae abiria siku kadhaa zaidi, sio sheria, ni woga wangu tu.

Yeye alitoka kwenye ukungu siku ya kumi. Aliamka akauliza simu yangu iko wapi, kwa Kiswahili kilichonyooka, mama mdogo akatoka nje kulia. Wiki kama sita hivi maneno madogo yalikuwa yanajificha, anataka kijiko anasema nipe kile cha... cha kukorogea, anakasirika. Yakarudi. Skani ya mwezi wa tatu safi, ya mwaka safi. Lori amerudi nalo lakini safari fupi, hiyo ni mama mdogo kaamua, sio daktari.

Kitu kimoja ambacho hakiko kwenye tebo yoyote na kingetuokolea usiku mzima. Siku ya pili, kabla hata kichwa hakijaanza, nesi wa zamu ya asubuhi alimuuliza saa ngapi sasa hivi, nje ya yale maswali ya kawaida, kuongea tu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Baba mdogo ana homa, amechoka, akajibu kwa Kiingereza "three". Nesi akamuuliza tena, three. Akaandika mgonjwa amechanganyikiwa, ikaitwa timu ya neva, wakaanza kuongelea steroidi. Mama mdogo anafika na chupa yake ya chai anakuta watu sita wamezunguka kitanda. Akauliza kuna nini, wakamweleza, akaangalia ukutani, saa inasema 9:15, akasema huyu mtu yuko sawa kuliko nyie wote. Ikabidi atoe kalamu awachoree jinsi saa zetu zinavyohesabiwa tangu jua linapochomoza.

Kwa hiyo dawa yoyote mtakayochagua, siku moja kabla ya dripu mwandikisheni sentensi kwa Kiswahili, mhesabisheni mia, tisini, themanini kwa Kiswahili na kwa lugha ya hospitali, mjue kawaida yake ikoje, mtu mwingine Kiingereza chake akiwa mzima ni alama nane. Muombe wabandike juu ya kitanda lugha yake ni ipi na namba ya simu ya anayeijua. Na waambieni kabisa manesi, wa mchana na wa usiku, kwamba akisema saa tatu aulizwe kwanza ni saa tatu ya wapi.